Komeo Liko Upande Gani? Mipaka ya Nafsi Baada ya Jeraha katika Riwaya Mbili za Kiswahili

Katika miaka ya karibuni neno moja limeenea sana katika Kiswahili cha washauri, wahubiri, walimu na watangazaji wa redio. Neno hilo ni "mipaka". Mtu aliyeumizwa utotoni, mke aliyepigwa, kijana aliyenajisiwa na jamaa yake, wote huambiwa shauri moja: weka mipaka. Shauri hilo ni jema. Lakini lugha iliyolibeba haijachunguzwa, na naona haikuchunguzwa kwa sababu neno lenyewe si geni. Ni neno la kale lililotwishwa maana mpya, na maneno ya namna hiyo hupita mlangoni bila ya kuulizwa yatokako. Makusudi ya makala haya ni kuliuliza, na kuliuliza kwa msaada wa riwaya mbili ambazo wasomaji wa kurasa hizi wanazijua: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Riwaya zote mbili zina baba aliyejenga ukuta kwa jina la kumhifadhi binti yake, na binti aliyeangamia, au kukaribia kuangamia, ukuta ulipokuwa haupo tena.

Tuanze na neno. Kwa asili mpaka ni alama ya ardhi: ni jiwe, mfereji, au mstari wa minyaa uonyeshao wapi shamba la fulani linakoma na wapi la jirani yake linaanzia. Lina ndugu yake wa karibu, kitendo cha kupakana, nacho kimo katika kauli ya kutendana. Mtu hawezi kupakana peke yake. Anayesema kwamba shamba lake linapakana na la Juma amekwisha kumkubali Juma kuwa ni mwenye haki upande wa pili. Kwa hiyo mpaka, ukiufuata ndani ya lugha, si ukuta. Ni mapatano kati ya wawili ambao kila mmoja amekwisha kujulikana kuwa ana mali yake. Hapo ndipo penye shida, kwa kuwa aliyejeruhiwa na watu wake mwenyewe aghalabu ni mtu ambaye hakupata kuhesabiwa kuwa ana shamba. Neno hilohilo tena hutumika kuonyesha kikomo cha wakati au cha tendo, kama katika kusema kwamba mtu alimpiga mwenziwe mpaka akazimia. Huo ndio mpaka pekee ambao wapigaji wengi huujua.

Lakini shida kubwa zaidi ni ya sarufi. Kiswahili cha kila siku kina njia mbili nyepesi za kutumia neno hili pamoja na kitendo cha kuweka. Kuna kumwekea mtu mipaka, na kuna kujiwekea mipaka. Katika njia ya kwanza mwenye kuweka yu juu na mwenye kuwekewa yu chini: baba humwekea mtoto, mwajiri humwekea mtumishi. Katika ya pili mtu huizuia nafsi yake, asinywe kupita kiasi wala asitumie fedha ovyo. Wala hii wala ile haina maana ya lile analolikusudia mshauri, yaani mtu kumwambia mwenziwe, hata akiwa mkubwa wake, kwamba hapa usipite bila ya idhini yangu. Hiyo ni njia ya tatu, na lugha huisema kwa maneno mengi zaidi: kuweka mpaka baina yangu nawe. Sasa, mtu akiambiwa kwa mkato "weka mipaka", hujaza mwenyewe kilichoachwa, na kwa kuwa masikio yake yamezoea njia mbili za kwanza, husikia ama kwamba awe mkali kwa wengine, ama kwamba ajizuie yeye. Mwanamke aliyenajisiwa akiambiwa ajiwekee mipaka ameambiwa, bila ya mshauri kutambua, kwamba kosa lilikuwa lake. Silabi moja, ile -ji-, imemhukumu.

Mintarafu ya neno kiwewe, ambalo siku hizi hutumiwa kwa jeraha la nafsi, nitasema machache. Kiwewe cha kale ni bumbuazi la ghafla, hali ya mtu aliyeshtuka hata asijue pa kukimbilia. Huja na kupita. Maradhi ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliyatia katika orodha yao rasmi mwaka 1980, baada ya mabishano marefu juu ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, ni maradhi yasiyopita. Mgonjwa hurudishwa katika saa ileile ya hatari kwa harufu, kwa sauti, kwa hatua za mtu ukumbini, miaka baada ya hatari kwisha. Methali zetu zinalijua jambo hili kuliko istilahi zetu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa sababu hiyo nimechagua kusema jeraha.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Ukerewe, kisiwa alichozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Zakaria ni mlevi, na juu ya ulevi ni mkali, hasa kwa jambo moja: binti yake asijuane na wavulana. Inapogunduliwa barua aliyoandikiwa Rosa na mvulana, kipigo anachopata ni cha namna ambayo msomaji hakisahau. Kisha Rosa anakwenda masomoni, mbali na mkono wa baba, na huko mambo yanageuka. Anakuwa mtu wa wanaume wengi; anatoa mimba. Mwishoni anataka kuanza upya, na mchumba anayemtumainia anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Riwaya hii imekwisha kusomwa kwa njia mbili. Wapo waliotaka isisomwe shuleni, na kwa muda hawakuiruhusu, kwa kuwa waliiona ni kitabu cha uasherati. Wapo, nao ni wengi katika wahakiki, walioitetea kuwa ni kitabu cha malezi, wakisema kwamba ukali wa kupita kiasi huzaa ulegevu wa kupita kiasi. Utetezi huo ni wa haki kuliko mashtaka, ila haufiki ndani. Hukumu yake ni ya vipimo: Zakaria alizidisha, angepunguza. Kama baba angalipiga fimbo tano badala ya hamsini, je, Rosa angalijua la kufanya siku mwanamume alipomshika mkono? Mimi naona sivyo. Kosa la Zakaria si la kiasi tu. Yeye alifunga mlango, na watu wakaona mlango umefungwa wakaridhika kwamba binti amehifadhiwa. Hakuna aliyetazama komeo liko upande gani. Lilikuwa upande wa nje. Nyumba na gereza huweza kuwa na kuta za unene mmoja na mlango wa mbao zilezile.

Kipigo kile kilimfundisha Rosa mambo mawili. La kwanza, kwamba mwili wake ni jambo la watu wengine kuamua, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kuulizwa. La pili, kwamba salama hupatikana kwa kumsoma mkubwa usoni na kumridhisha kabla hajakasirika. Mafunzo yote mawili alisafiri nayo. Wanaowatibu watu waliojeruhiwa wakiwa wadogo wanaijua vema tabia hii: mtoto aliyenusurika kwa kuridhisha huendelea kuridhisha akiwa mtu mzima, tena humridhisha hasa yule anayemwogopa. Tukiitazama hivyo, miaka ya Rosa ya masomo haionekani kuwa uhuru ulioharibika. Ni utii uleule uliobadilisha bwana. Asiyeweza kusema la, ndiyo yake haina uzito, na msomaji na azirudie kurasa hizo akitafuta jambo moja tu, yaani ni nani hasa aliyemwuliza Rosa anataka nini.

Ama yule mchumba wa mwisho, yeye ni Zakaria aliyesoma. Hapigi, anakagua. Binti amekwisha kujikusanya, amejenga kidogo, na jengo lile linawekwa katika mizani ya mwanamume ambaye hataki kujua yaliyompata ila anataka kujua kama mali imefunguliwa. Watu husema kwamba Rosa alikufa kwa aibu. Naona alikufa kwa sababu hata toba yake ilikuwa na komeo nje: ilikuwa toba ya kungojea kupokelewa, na asiyepokelewa hana pengine pa kwenda.

Hapa sina budi kumlaumu kidogo mwandishi. Kezilahabi aliliona jeraha kwa jicho kali kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili wa wakati ule, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Walakini uponyaji hakuufikiria. Kitabu kinashika mwendo wa mahubiri: dhambi, adhabu, kifo, na walio hai wajifunze. Wasichana waliokisoma bwenini kwa kificho, wengine wakiwa na jeraha kama lake, walipata humo kioo cha kujitazama, na hawakupata mlango.

Utengano inaanza karibu mahali palepale, ijapokuwa sasa tumo katika mazingira ya Uislamu wa pwani na mwandishi wake ni Mzanzibari. Maksuudi ni tajiri, mwenye heshima mbele ya watu. Nyumbani ni jabari. Maimuna, binti yake, hatoki nje. Ukuta wa Maksuudi una sifa ambayo ule wa Zakaria hauna, nayo ni kwamba umevikwa mavazi ya dini na staha, hata anayeupinga huonekana kuwa anapinga dini na staha zenyewe. Said Ahmed Mohamed anatuonyesha upesi kwamba hatari ambayo ukuta ule ulijengwa kuizuia imo ndani, ndiyo iliyoujenga. Kikulacho ki nguoni mwako. Maksuudi anayemfungia binti asionekane na wanaume ndiye huyo anayewadhulumu wanawake huko nje, na mkewe Tamima, aliye ndani ya ukuta kwa miaka yote, hakuhifadhiwa na kitu.

Maimuna anatoroka, na hali yake inakuwa kama ya Rosa, tena kwa kasi zaidi, maana Rosa alikuwa angalau na shule. Anaangukia katika nyumba ya Mama Jeni, penye pombe na wanaume. Wanaofundisha riwaya hii, nayo ilipata kuwa kitabu cha mtihani katika shule za sekondari za Kenya, huwa rahisi kwao kumweka Maimuna katika fungu la walioasi na kulipa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini methali hiyo humfaa mtoto aliyepewa neno akalikataa. Maimuna hakupewa neno, alipewa kufuli. Hakutoka katika nyumba ya baba akiwa na chochote cha kukiasi. Alitoka akiwa hajui jinsi ya kumtambua mtu mwema na mtu mbaya, kwa kuwa hakupata kuachiwa amtambue mtu yeyote.

Jambo ambalo Utengano inalo na Rosa Mistika haina ni sehemu ya baadaye. Maimuna hafi. Anatoka katika ulevi, anapata hifadhi mbali na mji, anatunzwa, na baadaye anaolewa na Kabi. Wapo wanaoiona sehemu hii kuwa dhaifu, mwisho uliolazimishwa kwa kuwa mwandishi alimhurumia mtu wake. Mimi nakubali nusu. Ndoa mwishoni mwa riwaya hunitia mashaka, maana binti anayetoka nyumba ya baba na kuingia nyumba ya mume huweza kuwa amebadilisha tu mwenye ufunguo, na mwandishi angalitusaidia kama angalikaa zaidi katika muda ulio kati. Lakini muda huo upo, na ndio moyo wa kitabu. Yuko mahali ambapo hapigwi, hauzwi, wala hatakiwi kufurahisha mtu. Judith Herman, daktari wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya jeraha na kupona, ameyapanga mambo hivi: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika maisha ya watu. Na juu ya hayo yote ameweka sharti kwamba msaada wowote unaomnyang'anya majeruhi uamuzi, hata uwe wa mapenzi mema, hauponyi. Said Ahmed Mohamed aliandika miaka kumi na miwili kabla ya kitabu hicho, na alijua kwamba salama huja kwanza.

Sasa nijibu hoja ambayo najua msomaji amekuwa akiishika mkononi. Itasemwa kwamba habari hii yote ya mtu kuwa na mpaka wake ni ya Ulaya na Marekani, ambako kila mtu hula peke yake; na kwamba kwetu mtu ni watu, mtoto ni wa wote, nyumba iko wazi. Ni kweli kwamba istilahi imetoka huko. Mwaka 1974 Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Marekani, aliandika juu ya mipaka ndani ya jamaa, akatofautisha jamaa ambazo watu wake wamefungamana hata hakuna anayepumua peke yake, na jamaa ambazo kila mtu yu mbali na mwenziwe. Lakini hata yeye hakusifu umbali. Alisifu mpaka ulio wazi, ambao watu huuona na kuuvuka kwa adabu.

Na jambo hilo Kiswahili kina neno lake, tena la watu wote, la mjini na shamba. Neno hilo ni hodi.

Itazame hodi kwa makini. Nyumba ya pwani haina mlango wa kuonyesha chuki. Ina baraza ya kukaa mpita njia, ina daka au ukumbi wa kumpokea mgeni asiye wa ndani, ndipo penye ua, ndipo penye ndani. Mtu hupita daraja kwa daraja, na kila daraja ina ruhusa yake. Hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa huondoka bila ya kununa. Ni adabu iliyofundishwa kwa dini na kwa desturi, hata ikawa mali ya Waswahili wasio Waislamu na ya watu wa bara wasiopata kuiona bahari. Angalia pia kwamba jibu la hodi si "ingia" bali ni "karibu". Anayejibu ndiye mwenye uwezo, hata kama ni ajuza maskini na anayebisha ni liwali. Hapo komeo liko ndani, na hakuna aliyeudhika. Utu wetu wa kuishi pamoja haukujengwa juu ya milango iliyo wazi, bali juu ya milango inayobishwa. Makabila mengi ya bara nayo yana miiko ya wakwe, nani asimpite nani njiani, nani asile mbele ya nani, na yana utani, ambao ni ruhusa ya kuvuka iliyotolewa kwa watu maalumu na kwa kiasi maalumu. Anayedai kwamba mpaka ni ugeni hajapata kuwa na mkwe.

Lakini nisiipambe hodi kupita kiasi. Ina pengo, na pengo hilo ndimo zilimoingia riwaya zetu mbili: hodi hupigwa na anayetoka nje. Je, aliye ndani? Zakaria hapigi hodi kwa Rosa, wala Maksuudi kwa Maimuna. Majeraha mengi ya mwili na ya nafsi hutokea upande huu wa mlango, na huko desturi hunyamaza, au husema kwamba mambo ya nyumba ni siri ya nyumba. Hata hivyo mzizi wa hodi ya ndani upo. Sura ya Nur, ileile iwaamrishayo watu wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa, haikuishia barazani. Inawataka na watu wa nyumbani wenyewe, watumishi na watoto, waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha. Na katika Muwatta wa Imamu Malik imepokewa habari ya mtu aliyeuliza kama hata kwa mama yake inampasa kubisha, akajibiwa kuwa inampasa. Maksuudi angaliweza kuyajua hayo. Dini aliyoitumia kuujengea ukuta ilikuwa na neno la kuutobolea mlango.

Kwa hiyo mshauri anayetaka kueleweka na bibi wa Tandale au wa Malindi angefanya vema kumwambia kwamba watu sasa watakupigia hodi, na wewe ndiye utakayejibu. Na wengine utawajibu wakiwa barazani, wengine watafika ukumbini, na yuko ambaye hutamjibu. Picha hiyo ina daraja, na daraja ndizo zinazomfaa aliyejeruhiwa. Mtu aliyetoka katika jeraha huwa na mojawapo ya hali mbili: ama hana mlango kabisa, kila mtu hupita, ama amejenga ukuta usio na mlango, na hata wampendao hufia nje. Neno mipaka, likiachwa peke yake, humsukuma toka hali ya kwanza hadi ya pili, na watu humpongeza kwamba amepona.

Limebaki shauri moja, ambalo kwetu humfikia majeruhi kabla ya mengine yote: samehe. Mfano wake mkali kabisa katika maandiko ya pwani si wa riwaya. Ni kisa cha Swema, binti wa Kiyao aliyeletwa Unguja utumwani katika miaka ya 1860, ambacho kiliandikwa kwa Kifaransa na Padre Horner wa misheni ya Kikatoliki, na ambacho mwanahistoria Edward Alpers alikichunguza mwaka 1983. Mama yake aliyeandamana naye katika msafara alifia njiani. Yeye mwenyewe alifika akiwa hoi, hata wenye mali wakaona hana faida, wakamviringisha katika mkeka na kumfukia angali hai. Aliokolewa na kijana aliyepita, akapelekwa kwa masista. Kisha simulizi linafika kileleni: analetwa Mwarabu aliyejeruhiwa, Swema anamtambua kuwa ni mmoja wa waliomtesa, naye anatakiwa amwuguze. Anashindana na moyo wake, anamsamehe.

Sitaki kudharau msamaha, wala sidai kwamba Swema hakusamehe kweli. Nauliza swali la mhakiki: kisa kinamtaka asamehe kwa faida ya nani? Msimulizi anayeshika kalamu ni padre, na wasomaji wake ni Wakristo wa Ulaya ambao misheni iliwategemea. Kwao msamaha ule ndio ushahidi kwamba kazi imefaulu. Na binti anatakiwa ausemee huo msamaha akiwa ameinama juu ya kitanda cha mtesi, mikono yake ikigusa madonda yake, katika nyumba ya watu waliomwokoa na ambao hawezi kuwakatalia. Umbali wowote aliokuwa ameanza kuwa nao na mtu yule uliondolewa, ukaitwa ushindi. Mtu huweza kusamehe na asifungue mlango. Mambo hayo ni mawili. Kisa cha Swema kimeyafanya kuwa moja, kama wazee wetu wafanyavyo wanapomwambia binti kwamba yule ni baba yako tu, damu nzito kuliko maji, nenda ukamsalimu.

Lugha, kwa bahati, haikuyafanya moja. Tunayo maneno mawili yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Moja ni radhi, na jingine ni ridhaa. Katika matumizi yetu radhi imepanda juu: ni ya wazazi, mtoto huitafuta, na akiikosa huhofiwa kuharibikiwa. Ridhaa imebaki chini, neno la mahakama na la mikataba, na kwa desturi hutajwa siku ya ndoa, binti anapoulizwa mara moja maishani mwake kama amekubali, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa jibu. Rosa na Maimuna walilelewa katika radhi bila ya ridhaa. Lakini matumizi yana mlango mwingine. Mtu husema "niwie radhi" kwa yeyote: mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, aliyekukanyaga sokoni kwa asiyekujua. Katika usemi huo radhi si ya wazazi tena. Ni ya aliyekosewa, naye anaweza kuitoa au kuizuia, leo au mwaka ujao, akiwa amekaa ndani na mkosaji akiwa barazani. Kamusi zetu hutaja maana hii ya pili kwa haraka, baada ya ile ya kwanza, kama adabu ndogo ya njiani. Ingestahili kuandikiwa sehemu yake, pamoja na mifano, na mmoja wa mifano hiyo uwe wa mzazi anayemwambia mwanawe.